Laptopu Imekataa Kuwaka, Betri Haishiki Chaji: Fuata Stima Kutoka Ukutani

Laptopu nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya Kisumu, Nakuru na Kakamega zilishatumika maofisini ng'ambo kabla ya kufika huku: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Ni mashine ngumu, lakini huja na betri iliyochoka, na chaja uliyopewa huenda si yake tangu mwanzo. Ikikataa kuwaka, usikimbilie kununua betri wala usikubali haraka kwamba madabodi (bodi kuu ya mashine) imeungua. Fuata stima kutoka ukutani, kituo baada ya kituo: soketi, kebo, chaja, tundu la chaji, bodi, RAM (kumbukumbu ya muda), skrini, diski. Pale inapokwama ndipo penye ugonjwa. Ukiruka kituo, utalipia kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Vifaa si vingi. Multimita ya kawaida ya duka la vifaa vya umeme, bisibisi ndogo za nyota za saizi PH0 na PH1, raba nyeupe laini ya kufutia penseli, brashi laini, na kadi ya plastiki isiyotumika, hata ile ganda la laini ya simu, kwa kufungulia mfuniko. Ukipata chupa ndogo ya alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, bora. Usitumie petroli wala maji ya sabuni.

Soketi na kebo

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Soketi za nyumba za kupanga mara nyingi zina swichi zilizolegea, na ekstensheni ya bei rahisi hupoteza mguso ikishabebeshwa pasi na jagi la umeme. Simu ikichaji, geukia plagi. Ile ya miguu mitatu ina fiuzi ndani. Kwa laptopu ampea 3 zinatosha. Ukikuta ya 13 itafanya kazi, ila hailindi kebo nyembamba ikipata shoti. Fiuzi iliyoungua hubadilishwa kwa fiuzi, si kwa kipande cha waya wala karatasi ya fedha ya sigara.

Kebo inayotoka ukutani hadi kwenye boksi la chaja ni ya aina mbili: ya matundu matatu, au ya matundu mawili kama ya redio. Si lazima iwe ya kampuni iliyotengeneza laptopu. Azima ya jirani inayoingia, ujaribu. Kebo hizi hukatika ndani bila kuonyesha, hasa pale inapokunjwa karibu na boksi.

Chaja: hapa ndipo pa kukaa

Ikiwa chaja ina taa, itazame ikiwa haijaingizwa kwenye laptopu, kisha uitazame baada ya kuiingiza. Isipowaka kabisa, tatizo ni chaja au kebo. Ikiwaka ikiwa peke yake na kuzimika papo hapo ukiichomeka kwenye laptopu, kuna mambo mawili: chaja haina nguvu ya kubeba mzigo, au laptopu ina shoti. Chaja nyingine ya aina ileile itakuamulia. Ikizimika nayo, shoti iko kwenye tundu la chaji au kwenye bodi, na hapo usiendelee kuchomeka na kuchomoa.

Kupima kwa multimita kunahitaji mkono uliotulia. Weka kipimo kwenye volti za DC, safu ya 200. Safu ya 20 inafaa kwa chaja ya volti 19.5, lakini ya Lenovo ni ya volti 20 na inaweza kuvuka kidogo, kipimo kikaonyesha tarakimu 1 tu ukadhani imekufa. Kwenye ncha ya duara ya HP na Dell, ukuta wa nje ni hasi na ukuta wa ndani ni chanya. Sindano nyembamba ya katikati si ya kupitishia nguvu. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu. Gusisha waya mweusi nje, mwekundu kwenye ukuta wa ndani, na uwe mwangalifu usiunganishe ukuta huo na sindano. Volti 19.5 zikiingia kwenye sindano, kijisehemu cha utambulisho kinaweza kufa, na hapo umeiua chaja iliyokuwa nzima. Kilichoandikwa 19.5 kisome kati ya 19 na 20. Namba ikirukaruka unapopindisha waya karibu na ncha, waya umekatika ndani.

Multimita hupima chaja ikiwa haina mzigo. Chaja dhaifu inaweza kukuonyesha volti 19.5 safi na bado ikaanguka mara tu laptopu inapoanza kuvuta. Ndiyo maana kuazima chaja inayojulikana kuwa nzima kunabaki kuwa kipimo bora kuliko vyote.

Sasa soma maandishi madogo. Chaja ya wati 65 ya HP au Dell ni volti 19.5 na ampea 3.33 au 3.34. Ya wati 65 ya Lenovo ni volti 20 na ampea 3.25. Ya wati 45 ni karibu ampea 2.3. Volti lazima zilingane. Ampea zikizidi haidhuru, kwa kuwa laptopu huvuta inachohitaji tu. Ampea zikipungua, laptopu itachaji polepole, au itachaji ikiwa imezimwa pekee, au itakataa.

Dell wana ukali wao. Laptopu isipoweza kusoma utambulisho wa chaja, huonyesha ujumbe wakati wa kuwaka kwamba aina ya chaja haijulikani. Baada ya hapo mashine inafanya kazi lakini betri haichaji, na prosesa inapunguzwa kasi hadi kila kitu kinakokota. Wengi hununua betri mpya kwa dalili hii, na betri mpya nayo haichaji. Angalia kwanza kama sindano ya katikati imepinda au imevunjika, kisha jaribu chaja nyingine ya Dell. Chaja za nakala zenye ncha nyingi za kubadilisha ndizo zinazoleta shida hii zaidi. Zinatoa volti sawasawa, ila hazina utambulisho.

Kwa laptopu zinazochaji kupitia USB-C, chaja ya simu ya volti 5 haitoshi. Inahitajika yenye mfumo wa PD (Power Delivery, wa kuchaji kwa nguvu zaidi kupitia USB-C) unaofika volti 20, wati 45 au 65, na kebo iweze kubeba ampea 3. Kebo nyembamba iliyokuja na spika ya bluetooth si ya kazi hii. Wenye ThinkPad T480, X280 na ndugu zake wa kipindi hicho wapakue sasisho la programu ya ndani ya Thunderbolt (teknolojia iliyo kwenye mlango wa USB-C) kutoka tovuti ya Lenovo. Kosa la programu hiyo liliharibu milango ya USB-C ya mashine nyingi, na dalili yake huanza na mlango kuchaji leo na kukataa kesho. Sasisho huzuia. Likichelewa, halifufui chochote.

Mwisho wa kituo hiki ni tundu lenyewe. Likitikisika, au ikibidi ushikilie waya kwa pembe fulani ndipo taa iwake, limechoka. Kwenye EliteBook, Latitude na ThinkPad nyingi tundu liko kwenye kebo fupi inayochomolewa bodini, kwa hiyo hubadilishwa bila solda. Ukiambiwa ni lazima bodi ilehemiwe, uliza kwanza kama modeli yako ina kebo hiyo.

Hakuna taa, hakuna sauti

Chaja ni nzima, tundu ni zima, laptopu kimya. Kabla ya kufungua chochote, toa chaji iliyobaki ndani. Chomoa chaja, USB zote na kebo ya intaneti. Kama betri inatoka nje, itoe. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 30 mfululizo bila kuachia. Rudisha chaja peke yake, subiri dakika moja, washa. ThinkPad nyingi za betri ya ndani zina tundu dogo mgongoni la kuingizia pini au waya wa klipu ya karatasi: chomoa chaja, bonyeza kidogo, subiri dakika moja, rudisha chaja. Kwa Latitude za miaka ya karibuni, acha chaja ikiwa imechomekwa na ushikilie kitufe kwa takriban sekunde 30. Hiyo hurudisha saa ya ndani na mipangilio ya BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine) mwanzoni.

Hatua hii inaonekana ya kubahatisha lakini ina sababu. Kuna chipu ndogo inayosimamia kitufe, chaji na feni hata laptopu ikiwa imezimwa. Stima ikirudi kwa kishindo au ikikatika katikati ya chaji, chipu hiyo huganda. Kuitoa nguvu yote ni njia ya kuianzisha upya.

Isipoamka, fungua mfuniko wa chini. Panga skrubu kwenye karatasi kwa mpangilio uliozitolea, maana ndefu ikirudi mahali pa fupi hutoboa bodi au kibodi. Kazi ya kwanza ndani, kabla ya kugusa kitu kingine, ni kuchomoa plagi ya betri bodini. Kisha chomeka chaja pekee ujaribu kuwasha. Ikiwaka, betri ndiyo iliyokuwa ikiizuia. Betri yenye seli iliyokufa inaweza kunyamazisha mashine nzima.

Angalia pia betri ndogo ya saa, ile bapa kama sarafu, kwa kawaida CR2032 ya volti 3. Ikipima chini ya volti 2.5, ibadilishe. Dalili zake ni tarehe kurudi nyuma miaka, tovuti kulalamika kwamba si salama, na mipangilio ya BIOS kusahaulika. Kwenye ThinkPad imefungwa kwenye plastiki na waya wenye plagi ndogo, kwa hiyo nunua yenye waya.

Taa zinawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi

Zima taa ya chumba, umulike skrini kwa tochi ya simu kwa pembe. Ukiona maandishi hafifu, mwanga wa nyuma ndio umekufa, mashine ni nzima. Usipoona kitu, unganisha televisheni kwa HDMI. Picha ikitokea huko, tatizo ni skrini au kebo yake. Kwenye Dell shikilia herufi D huku ukiwasha: skrini ikionyesha rangi kwa zamu, skrini ni nzima na shida iko kabla yake.

Ikiwa hata televisheni ni nyeusi, mshukiwa wa kwanza ni RAM. Unyevunyevu wa kando ya ziwa na vumbi hufanya mguso wake wa dhahabu uchafuke, na laptopu iliyodondoka huilegeza. Chomoa chaja na plagi ya betri. Sukuma vishikio viwili vya pembeni, RAM itainuka yenyewe, uivute. Futa meno ya dhahabu kwa raba pande zote mbili, pangusa mabaki kwa kitambaa kikavu au alkoholi. Irudishe kwa mlalo hadi meno yakaribie kupotea, kisha uilaze mpaka vishikio vibane kwa mlio. Zikiwa mbili, jaribu moja moja, kwenye kila nafasi. Nafasi moja ikikubali na nyingine ikikataa, una nafasi mbovu, na unaweza kuendelea kuishi na ile nzima.

Kitu kimoja huwaponza watu hapa. Baada ya kubadilisha au kuhamisha RAM, mashine inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika moja au mbili ikijifunza upya kumbukumbu, wakati mwingine ikijizima na kujiwasha. Isubiri dakika tatu kamili kabla ya kusema imeshindwa.

Hesabu pia taa zinavyopepesa, kwani mashine inajaribu kusema. Kwenye Latitude za karibuni, taa ya betri hupepesa njano mara kadhaa, hutulia, kisha nyeupe mara kadhaa. Njano 2 na nyeupe 3 ni RAM haionekani. 2 na 4 ni RAM mbovu. 2 na 7 ni skrini. 2 na 1 ni prosesa. 3 na 1 ni ile betri ndogo ya saa. Kwenye EliteBook, mipepeso 3 mirefu na 2 mifupi inakupeleka kwenye RAM. Ipige video kwa simu uhesabu polepole.

Nembo inatokea kisha inakwama

Ukifika hapa, stima si mkosaji tena, ila kuna mtego unaotokana nayo. Betri ya saa ikifa, au ukirudisha BIOS mwanzoni, Latitude nyingi hurudi kwenye mpangilio wa diski unaoitwa RAID On. Kama Windows iliwekwa mashine ikiwa kwenye mpangilio mwingine uitwao AHCI, itakuletea skrini ya samawati yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hakuna kilichoharibika. Washa huku ukigonga F2, nenda kwenye mipangilio ya diski, rudisha AHCI, hifadhi. Kuna watu wamefuta kila kitu na kuweka Windows upya kwa ajili ya mpangilio huu mmoja. Jambo la aina hiyohiyo ni UEFI na Legacy, njia mbili za BIOS kuamsha diski: diski iliyowekwa kwa njia moja haiwaki kwa njia nyingine.

Windows ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows ya kulinda diski) baada ya kugusa BIOS, ufunguo huo wa tarakimu 48 kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuanzisha laptopu. Kama akaunti ni ya aliyekuuzia, mtafute kabla hajabadilisha namba ya simu.

Ujumbe wa HP unaosema "Boot Device Not Found" na namba 3F0 unamaanisha diski haionekani. Fungua, chomoa SSD (diski isiyozunguka) au kebo ya diski, safisha, rudisha. Diski ya zamani ya kuzunguka ikigonga tik-tik-tik, usiiwashewashe. Kila jaribio linapunguza nafasi ya kuokoa faili. Ikiwa diski inaonekana na Windows ndiyo inayokwama, izime kwa kushikilia kitufe nembo inapozunguka, mara tatu mfululizo. Mara inayofuata itafungua sehemu ya ukarabati.

Inazima ghafla

Tenganisha joto na betri. Ikizima baada ya dakika kumi au ishirini za kazi nzito, hata ikiwa kwenye chaja, na ikakataa kuwaka mpaka ipoe, ni joto. Ikizima kwenye betri pekee, ruka sehemu hii.

Vumbi la Nakuru wakati wa kiangazi huziba mapezi ya shaba mbele ya feni kama blanketi, na nyumba za karibu na ziwa Kisumu hupata pia wadudu wadogo wanaofuata mwanga usiku. Fungua, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno, piga brashi na upulize hewa kutoka upande wa mapezi. Usiweke mdomo, mate ni maji. Pesti ya joto, ile inayokaa kati ya prosesa na shaba ya kupoza, kwenye mashine ya miaka mitano kwa kawaida imekauka. Futa ya zamani kwa alkoholi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. ThinkPad inayoandika "Fan error" na kuzima, au HP yenye namba 90B, inakuambia wazi kwamba feni imekwama au imekufa.

Betri yenyewe

Asilimia inayoonyeshwa pembeni mwa skrini haisemi afya ya betri. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Utapewa mahali faili ilipohifadhiwa. Ifungue kwa kivinjari. Linganisha mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake sasa. Kwenye Ubuntu amri ni upower -d.

Mfano: kiwandani 46,500 mWh, sasa 23,200. Imebaki nusu. Laptopu ikitumia wati 8 kwa kuandika na kusoma, utapata karibu saa tatu. Ukitazama video kwa wati 15, saa moja na nusu. Hesabu hii ifanye dukani kabla ya kulipa, maana muuzaji anayesema betri ni ya saa sita hawezi kubishana na ripoti ya mashine yenyewe. Zaidi ya asilimia 80 ni nzuri. Kati ya 40 na 80 unavumilia. Chini ya 40, weka bajeti ya nyingine.

Ikisema imechomekwa lakini haichaji, usihukumu bado. Huenda kuna kikomo kilichowekwa na ofisi iliyokuwa ikiitumia. Kwenye BIOS ya HP kuna Battery Health Manager inayoweza kuishikilia kwenye asilimia 80. Lenovo wana kikomo ndani ya programu ya Vantage. Dell wana mipangilio kama hiyo kwenye BIOS. Kikomo cha 80 kinarefusha maisha ya betri kweli, kwa kuwa seli za lithiamu huchakaa zaidi zikikaa zimejaa, na joto huongeza uchakavu huo. Mchana wa Kisumu unaokaribia nyuzi 30 si rafiki yake, sembuse kuiacha ndani ya gari juani. Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kuna ubaridi na betri hupumua kidogo. Hata hivyo, kwa anayeishi mahali stima inapopotea kila jioni, asilimia 100 unayoweza kutumia ni bora kuliko betri yenye afya iliyokuacha gizani. Kuwa na 80 ukiwa na stima ya uhakika. Ondoa kikomo msimu wa mvua.

Betri ikiruka kutoka asilimia 35 hadi kuzima, kipimo chake kinaweza kuwa kimepotea. Ijaze hadi 100, iache kwenye chaja saa mbili, itumie bila chaja mpaka ijizime, ipumzishe saa chache, ijaze tena bila kukatiza. Mara moja inatosha. Hii inasahihisha kipimo tu, haiongezi uwezo. Ikirudia kuruka, seli moja imekufa.

Laptopu ukiifunga mfuniko na kuitia kwenye begi kwa safari ya matatu ya Kisumu hadi Nakuru, ukaikuta moto na imeisha chaji, haikulala sawasawa. Fungua mipangilio ya kufunga mfuniko uchague Hibernate (mashine kuzimika huku kazi yako ikihifadhiwa kwenye diski). Chaguo lisipoonekana, liwashe kwa powercfg /h on kwenye Command Prompt iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi.

Ukinunua betri, usinunue kwa jina la laptopu bali kwa namba iliyo kwenye betri ya zamani. EliteBook 840 G1 na G2 hutumia CM03XL, ilhali 840 G3 hutumia CS03XL. Haziingiliani. Betri ya nyuma ya ThinkPad T450 ni ya jamii ya 68. Ya T470 na T480 ni ya jamii ya 61. Volti kama 11.1 na 11.4 ni za seli tatu mfululizo. 7.4 ni za mbili. Ikishaingia, endesha ripoti tena. Nakala dhaifu huandika uwezo mkubwa kwenye karatasi ya nje na kukwama kwenye hali halisi baada ya kujazwa na kutumiwa mara tatu nne. Kwa hiyo patana na mwenye duka, kabla ya kulipa, muda wa kurudisha usiopungua wiki mbili.

Padi ya kipanya ikiinuka, kibodi ikifura katikati, au mfuniko ukikataa kukaa bapa, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiichaji tena hata kwa dakika. Itoe bila kuichokonoa kwa chuma. Iliyogandishwa kwa gundi ivutwe polepole kwa kadi ya plastiki. Usiitoboe kutoa hewa. Usiitupe jalalani wala kwenye moto wa takataka. Iweke kwenye debe lenye mchanga mkavu nje ya nyumba mpaka uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Radi, stima ya kurukaruka, sola

Bonde la Ziwa Victoria hupata ngurumo nyingi, na mvua za alasiri Kakamega na Kisii hazipigi hodi. Wingu likianza kunguruma, chomoa plagi ukutani, na uchomoe pia kebo ya intaneti, kwani radi hupitia huko vilevile. Ekstensheni yenye kinga husaidia kwa mishtuko midogo. Radi iliyopiga karibu haiizuii. Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, subiri dakika tano. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha stima ikirudi, kinafaa pia kwa meza ya kazi.

Kwenye sola, chaja ikinguruma au kupata moto kupita kawaida, inveta yako si ya wimbi safi. Bora utumie chaja ya gari inayopokea volti 12 na kutoa USB-C ya PD wati 65. Inapoteza nguvu kidogo kuliko kupandisha hadi 240 na kushusha tena.

Chai ya maziwa ikimwagika juu ya kibodi, zima kwa kushikilia kitufe, chomoa, igeuze kifudifudi na uchomoe betri haraka uwezavyo. Mchele hausaidii, na jua linapikisha sukari juu ya bodi. Bodi isafishwe kwa alkoholi siku hiyohiyo, hata kama bado inawaka.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Shoti kwenye bodi, chipu ya chaji iliyoungua, au BIOS iliyoharibika ni kazi ya mwenye mashine za kupimia. Mengi ya hayo hutengenezeka bila kubadilisha madabodi. Mweleze ulichokwisha jaribu: chaja ipi, volti ngapi, taa zilipepesa vipi, ilikuwaje bila betri. Muulize atapima nini kwanza. Anayetangaza madabodi imekufa kabla ya kuifungua, muage kwa heshima.

Kabla ya kuiacha, piga picha namba za SSD na za kila RAM, andika ukubwa wake, na umwambie mbele ya mashine kwamba vifaa vyote vilivyotolewa utavichukua. Kama faili ni za kazi na laptopu haiwaki, toa SSD ubaki nayo. Tatizo la stima linaweza kupimwa hadi kwenye skrini ya BIOS bila diski kuwemo.